Waogeleaji Thelathini na Mmoja

Kwenye kompyuta ya Bi Printa kulikuwa na faili moja lililoitwa MAMA, na usipolijua faili hilo hutaelewa kwa nini siku moja watu wazima, wengine wana wajukuu, walionekana wakifanya mazoezi ya kuogelea kwenye korido ya ofisi. MAMA ilikuwa CV. Si CV ya mama wa mtu. Ni CV iliyozaa CV nyingine zote. Mteja akija na kusema anatafuta kazi, Bi Printa alifungua MAMA, akafuta jina la aliyetangulia, akaweka la huyu, akabadilisha tarehe ya kuzaliwa na namba ya simu, mashine ikanguruma, karatasi mbili zikatoka zikiwa bado na joto. Dakika saba. Mteja alizipokea kwa mikono miwili, akazitazama kuanzia juu hadi chini bila kuelewa neno hata moja, akaondoka ameridhika.

Na msimcheke mteja peke yake, maana hata Bi Printa hakuelewa. Kiingereza chake kilikuwa cha kibodi. Alijua kuhifadhi, kuchapa, kufuta, na lile tangazo refu linalosema karatasi imekwama. Yaliyobaki alimwachia MAMA, na alimwamini MAMA kwa sababu nzuri tu.

Miaka minane nyuma, duka lake la kuchapa na kutoa kopi likiwa bado linanuka rangi mpya, aliingia kijana mwembamba aliyevaa shati la mtu mwingine, kola imemzidi kiasi kwamba shingo ya pili ingeenea humo humo. Alikataa kuandikiwa. Alikaa kwenye kompyuta mwenyewe saa mbili nzima, anadonoa kwa kidole kimoja, na kila akikosa neno alijivuta sikio la kushoto kama vile neno limejificha humo ndani. Akachapa, akatoka mbio, faili akaliacha. Mwezi uliofuata alirudi na soda mbili baridi, moja yake, moja ya Bi Printa. Kapata kazi! Mara ya kwanza tu kuomba! Bi Printa hakuhitaji ushahidi mwingine. Maneno yaliyompa kazi huyu yatawapa na wengine, ndivyo alivyoona, kama mtu anayempa jirani vidonge vilivyomponya yeye bila kumuuliza anaumwa nini.

Sasa tumfikie mumewe. Mtaa ulimwita Bwana Stoo, kwa sababu alitunza stoo ya kiwanda cha rangi kwa miaka kumi na moja hadi kiwanda kikafungwa. Mwezi wa kumi na nne huu alikuwa nyumbani, anahesabu vitu ambavyo havikuomba kuhesabiwa: vijiko, vibanio vya nguo, njiti za kiberiti. Hakulalamika. Ila alikuwa ameanza kukaa kwenye ukingo wa kiti sebuleni kwake mwenyewe, kama mgeni aliyepita kusalimia tu, na hilo lilimuuma Bi Printa kuliko kama angelalamika. Alitaka mumewe arudi kuegemea kiti. Hakutaka kingine.

Kwa hiyo ghala kubwa la bidhaa lilipotangaza nafasi kumi na tano, Bi Printa alikunja mikono ya gauni. Ndani ya siku nne MAMA alizaa watoto thelathini na mmoja. Wa mwisho alikuwa Bwana Stoo, na huyo alimtolea kwenye karatasi nene, ile ya vyeti.

"Imeandikwa nini hapa?" Bwana Stoo aliuliza.

"Maneno ya kazi."

"Maneno gani?"

"Ya kazi, baba watoto! Weka sahihi, wenzako wako kwenye foleni."

Akaweka sahihi. Hakuwa mtu wa kusaini asichokijua, lakini aliyempa kalamu alikuwa mke wake.

Usaili ulikuwa Jumanne. Kuanzia asubuhi Bi Printa hakutulia. Alitoa kopi za vitambulisho kichwa chini miguu juu, akamrudishia mteja mmoja cheti cha mwenzake. Kufika saa tisa mtaa ulianza kurudi, na haukurudi na furaha. Wa kwanza kuingia dukani alikuwa fundi wa kuchomelea, jitu la miraba minne, mikono ina makovu ya cheche hadi kwenye viwiko.

"Bi Printa," alisema, akaweka karatasi zake kwenye kaunta taratibu mno, "mimi ni nahodha wa timu ya kuogelea?"

"Ya nini?"

"Ndiyo nakuuliza wewe. Imeandikwa humu. Bwana Ajira kanisomea mwenyewe."

Bwana Ajira ndiye aliyekuwa akisaili. Jina lake la kweli hakuna aliyelishika. Walijua tu kwamba ndiye mkuu wa mambo ya wafanyakazi, mnene kiasi, miwani puani, na kwamba mtu akiingia humtazama kwa upole kama daktari wa meno. Aliwasomea karatasi zao, watatu wa kwanza akicheka. Nahodha wa timu ya kuogelea. Msimamizi wa kikosi cha watu kumi na wawili. Kisha akauliza, kwa Kiswahili kabisa ili pasiwe na kisingizio: "Unaogelea mita ngapi?"

Wa kwanza alisema kumi. Alipotoka akawapenyezea walio koridoni kwamba jamaa anauliza kuogelea. Basi! Korido ikageuka bwawa. Mtu na benchi lake. Walipiga mbizi za hewani, wakaulizana mkono upi unatangulia, fundi umeme akawafundisha mtindo wa chura ambao aliuona kwenye televisheni ya kinyozi. Kila aliyeingia aliongeza mita. Fundi wa kuchomelea alifika mia nane, na alipoulizwa anaogelea kwa mtindo gani, alilala kifudifudi juu ya kiti cha ofisi akaonyesha, kiti kikamsaliti. Mama mmoja mshonaji alisema yeye huogelea kila asubuhi akienda kazini, na mji wenyewe hauna hata mto.

"Mwishoni alikuwa hacheki tena," fundi alimalizia. "Anatutazama tu, anajivuta sikio. Likawa jekundu."

"Na mume wangu?"

Fundi akatazama dari. "Muulize mwenyewe."

Bwana Stoo aliingia saa kumi na nusu, akakaa ukingoni mwa kiti cha wateja. Yeye alikuwa wa thelathini na moja. Alikuwa amewapisha wengine wote, kwa sababu huyu ana mtoto mgonjwa, yule ameacha duka wazi.

"Alikuuliza kuogelea?" Bi Printa alimwahi.

"Aliniuliza."

"Ukasema mita ngapi?"

"Nilisema sijui kuogelea. Nikasema karatasi kaandika mke wangu, na mimi sijui kilichomo."

Bi Printa alishika tama. "Jamani! Si ungesema tu unaogelea? Watu thelathini wameogelea, wewe ndio unazama?"

"Niogelee wapi?"

"Popote! Angekutumbukiza kwenye ndoo akupime?"

Bwana Stoo alihesabu vidole vya mkono mmoja, kisha vya mwingine. Alikuwa mtu wa kuhesabu kabla ya kusema. "Miaka kumi na tisa," alisema hatimaye. "Miaka kumi na tisa nakaa na wewe. Siku ya kuniandika, ukakosa hata mstari mmoja wangu? Ukaniandika mtu mwingine?"

Akasimama, akaenda zake nyumbani. Bi Printa aliona aibu hadi masikioni, aibu ya kweli, ile inayomfanya mtu apange upya kalamu ambazo zimeshapangwa. Alitaka kumkimbilia. Hakumkimbilia.

Mlangoni waombaji wenzake Bwana Stoo walikuwa wamejaa, kila mmoja na karatasi zake mkononi, na agizo la Bwana Ajira midomoni. Usaili umefutwa. Alhamisi asubuhi kila mtu arudi na karatasi yake mwenyewe, na ataulizwa kila neno lililomo. Atakayeshindwa kueleza neno la karatasi yake ataonyeshwa mlango.

"Kesho Jumatano," alisema mshonaji. "Una siku moja, Bi Printa. Usipotutoa kwenye maji haya, kopi tutapiga mtaa wa pili."

Kulikuwa na mtu mmoja tu wa kumkimbilia. Mwalimu, mama mstaafu aliyefundisha Kiingereza miaka thelathini na sita, alikuwa mteja wa duka kwa sababu ya fomu zake za pensheni, na kila alipokuja alitembea na kalamu nyekundu kwenye mkoba, ingawa hakuna tena aliyempelekea daftari la kusahihisha. Jumatano saa mbili asubuhi alisoma MAMA mbele ya watu wote, amesimama, miwani imeshuka.

"Nani aliandika hii?"

"Kijana mmoja, shikamoo Mwalimu. Zamani."

"Marahaba. Kiingereza chake kizuri." Akageuza karatasi. "Mwongo, lakini Kiingereza kizuri."

Mabenchi yalitolewa nje, wakakaa kivulini kwenye ukuta wa duka. Bi Printa mwenyewe alikaa mbele na daftari la shule la binti yake. Mwalimu alisema karatasi hii ina maneno kumi na manane ya kujisifu, na kila moja litapita mbele ya kadamnasi: yeye atasema maana, mtaa utasema nani analistahili. Asiyestahili, kalamu nyekundu.

"'Punctual'," alianza. "Maana yake ni mtu anayefika kwa wakati."

Watu walitazamana. Bado walikuwa wanatafakari ndipo fundi umeme alipotokea kwenye kona, anakula karanga. "Jamani, tumefika wapi?"

"Tumefika kwako," alisema Mwalimu, na neno lake la kwanza likaenda na maji.

Lililofuata lilikuwa 'proactive', na Mwalimu alieleza kwamba ni yule anayefanya jambo kabla hajaambiwa. Mama mmoja aliyekuja kumsindikiza mwanawe wa miaka ishirini na mitano aliinua mkono kabla mwanawe hajafungua mdomo.

"Huyu wangu, futa."

"Mama!"

"Futa, Mwalimu. Nimemzaa mimi. Hata kuzaliwa alichelewa wiki mbili, tukamwita."

Kwenye 'team player', ambaye ni mtu anayefanya kazi vizuri na wenzake, palitokea utulivu wa ghafla. Ndugu wawili wa gereji walikuwa wamekaa ncha mbili za benchi moja. Hawakuwa wamesemeshana tangu mwaka jana kwa ajili ya jeki, na kila mmoja alikuwa na neno hilo kwenye karatasi yake. Mwalimu aliwatazama, kalamu juu. Wakapeana mikono. Hawakutazamana, lakini mikono ilishikana, na mtaa mzima ukapiga makofi kama kwenye harusi.

Fundi wa kuchomelea aligoma kwenye 'work under pressure'. Mwalimu alimwambia ni kuweza kufanya kazi ukiwa umebanwa.

"Nimebanwa na nani?"

"Mteja amesimama mgongoni anataka geti lake, umeme unakaribia kukatika, na mkeo anapiga simu mara ya tano."

"Mwalimu, hiyo si ni Jumatatu tu?"

"Basi baki nalo. Na ukiulizwa, jibu hivyo hivyo."

Hadi saa saba mchana MAMA alikuwa amebaki mifupa. Maneno makubwa yalilala chini, mekundu matupu, na watu wakaanza kuona karatasi zao zinavyopwaya. Mshonaji alitaka kulia. "Sasa nimebaki na nini? Jina na namba ya simu?"

"Umebaki na wewe," alisema Mwalimu. "Umefanya nini maishani?"

"Hakuna. Nashona tu."

"Umeshona nini?"

Ikawa kama kuvuta uzi. Kashona sare za shule mia mbili na arobaini kwa wiki tatu, peke yake, cherehani ikiwa mbovu. Hiyo kwa Kiingereza ni mstari mmoja, na Mwalimu alimpa kitenzi kifupi tu. Bi Printa aliandika daftarini: 'sewed', kushona. Akaandika 'fixed', kurekebisha. 'Carried', kubeba. 'Counted', kuhesabu. Alishangaa jinsi maneno ya kazi yalivyokuwa mafupi. Miaka minane yote alidhani lazima yawe marefu ndiyo yafanye kazi. Tangu hapo aliuliza yeye mwenyewe, mteja mmoja baada ya mwingine, "Umefanya nini?" na kila aliyejibu alinyanyuka kwenye benchi akiwa mrefu kidogo kuliko alivyokaa. Fundi wa kuchomelea aliusoma mstari wake kwa sauti mara tatu, mara ya tatu kwa wapita njia.

Saa kumi na moja Bi Printa alibaki na karatasi thelathini kwenye trei, na Mwalimu anafunga mkoba.

"Thelathini," alisema Mwalimu. "Si uliniambia thelathini na moja?"

Bwana Stoo hakuwa amekuja. Asubuhi alipoitwa alisema anatengeneza mguu wa stuli, na stuli ile haikuwa na tatizo.

Bi Printa alivuta kiti. "Mwalimu, naomba ukae tena. Huyu nitamsema mimi."

Hakufungua MAMA. Alifungua ukurasa mweupe, na mbele ya weupe ule aliogopa. Kisha akaanza kwa Kiswahili, anasema huku Mwalimu akigeuza kuwa Kiingereza na yeye akichapa. Alitunza stoo ya rangi miaka kumi na moja, akihesabu makopo elfu sita kila mwezi. Msambazaji alipomletea mawili zaidi kwa bahati mbaya, aliyarudisha mwenyewe kwa baiskeli. Siku kiwanda kinafungwa kopo moja lilikosekana. Alilitafuta siku mbili, hana tena mshahara, akalipata nyuma ya ngazi. Mstari wa nne ulimjia bila kuutafuta.

"Siku ya harusi yetu alihesabu viti vya ukumbini kabla wageni hawajafika. Vilipungua viwili, akaenda kuazima, mtu asijue."

Mwalimu alisita. "Hiyo si kazi, mwanangu. Haiingii kwenye CV."

"Kwake yeye ni kazi. Weka, Mwalimu."

Mwisho palikuwa na sehemu ya mtu anayemfahamu mwombaji. Kwenye MAMA palikuwa na jina la mzee fulani ambaye hakuna hata mmoja mtaani aliyewahi kumwona, na alikuwa akiwadhamini wote. Bi Printa alilifuta. Akaandika: mke wake, miaka kumi na tisa. Mwalimu alifungua mdomo kusema mke haruhusiwi, akaufunga.

Nyumbani aliiweka karatasi hiyo, nene kama ile ya kwanza, mezani, kando ya stuli isiyo na tatizo, na daftari la maneno juu yake. Bwana Stoo alivaa miwani. Alisoma neno kwa neno, kidole juu ya karatasi, kidole juu ya daftari, kama anapokea mzigo na kuulinganisha na hati. Alifika mwisho, akarudi mwanzo. Asubuhi alipotoka, karatasi haikuwa mezani.

Alhamisi Bi Printa alikaa dukani roho mkononi. Fundi wa kuchomelea alipiga simu saa nne kwamba kapita. Aliulizwa habari ya kubanwa, akajibu Jumatatu yake, Bwana Ajira akacheka hadi akavua miwani. Mshonaji kapita. Ndugu wa gereji wamepita wote wawili, wamerudi kwenye pikipiki moja. Fundi umeme alifika zoezi limeshafungwa. Habari za Bwana Stoo hakuna aliyekuwa nazo, maana alikuwa amewapisha wengine, tena.

Saa kumi na moja jioni mwanaume mnene wa miwani aliingia dukani, akasimama katikati, akazungusha macho: kompyuta, mashine, kalenda ukutani. Akajivuta sikio la kushoto.

Bi Printa aliinuka polepole. "Wewe! Wewe ulinywa soda hapo ulipo!"

"Moja yangu, moja yako," alisema Bwana Ajira.

Alikaa benchini, benchi likalalamika. Akasema kwamba katika maisha yake amekutana na mengi, lakini Jumanne alikutana na yeye mwenyewe mara thelathini na moja. Ameingia akiwa fundi, ameingia akiwa mshonaji, ameingia akiwa na ndevu, na kila mara anadhaminiwa na mjomba wake, ambaye amefariki mwaka wa sita sasa. "Mwanzoni nilicheka, dada. Halafu nikaanza kuogopa. Kila aliyesema anaogelea, nilikuwa najisikia mimi."

"Lakini wewe si unaogelea kweli?"

Bwana Ajira alitazama viatu vyake. "Sijawahi kuingia kwenye maji yanayopita magoti."

"Na wale watu kumi na wawili uliowasimamia?"

"Ndugu zangu. Tulikuwa tunahama nyumba."

Bi Printa alicheka hadi akashika kaunta. Miaka minane! Mtaa mzima umekuwa ukitafuta kazi kwa kuhama nyumba kwa mtu. Bwana Ajira naye akacheka, lakini cheko lake liliisha mapema.

"Hakuna aliyeniuliza," alisema. "Waliniajiri, wakanipandisha cheo, hakuna aliyeuliza mita ngapi. Mimi ndiye nilikuwa wa kwanza kuuliza, na wa kwanza kuniambia hajui kuogelea alikuwa mtu wa mwisho kwenye foleni." Akatoa kalamu mfukoni. "Lifute lile faili. Halafu niandike upya, na mimi. Bila maji."

Bi Printa alilifuta MAMA mbele yake. Akafungua ukurasa mweupe, akaweka vidole tayari. "Umefanya nini?"

Mkuu wa mambo ya wafanyakazi, aliyeuliza watu mamia maswali mamia, aliduwaa. Alijivuta sikio. Alitazama dari. Alikuwa bado anatafuta pale Bwana Stoo alipoingia, shati limechomekewa, karatasi nene imekunjwa mara nne mfukoni.

"Shikamoo, bosi," alimwambia Bwana Ajira, ingawa huenda ni yeye aliyekuwa mkubwa kwa umri. Akamgeukia mkewe. "Nitolee kopi."

"Ya nini?"

"Ya kumpa huyu. Naanza Jumatatu."

Bi Printa alipiga kigelegele. Bwana Ajira akadakia: "Mshtaki huyo, dada. Nimemwomba karatasi niiweke kwenye faili lake, kaninyima. Nikamwambia bila karatasi Jumatatu haanzi. Akasema basi Jumatatu itasubiri."

"Hii siiachi," alisema Bwana Stoo. "Nimesema nitaleta kopi." Aliifungua juu ya kaunta, akailainisha kwa kiganja. "Ila ina kosa. Mstari wa nne."

Bi Printa aliinama kuutazama. Mstari wa viti. "Kosa gani?"

"Umeandika viti vilipungua viwili. Vilipungua vitatu. Viwili niliazima, cha tatu sikukipata."

"Nani alikosa kiti, sasa?"

Bwana Stoo aliendelea kuilainisha karatasi. Bi Printa alizikumbuka picha za harusi zilizoning'inia sebuleni, zote saba, wageni wamekaa, yeye amekaa, wazazi wamekaa, na bwana harusi amesimama wima nyuma yake kama nguzo.

"Picha zote umesimama," alisema. "Miaka kumi na tisa najua ulikuwa unaringa."

"Sikuwa na pa kukaa."

Bwana Ajira aligeuka kuisoma kalenda ukutani, ambayo ilikuwa ya mwaka juzi. Bi Printa alijipangusa macho kwa mkono wa gauni, akaketi kwenye kompyuta, akatafuta mstari wa nne. Akafuta viwili, akaandika vitatu. Mashine ikanguruma, karatasi mpya ikatoka ikiwa na joto, akampa mumewe.

"Chukua hii iliyo sahihi. Ya zamani nipe niitupe."

"Ya sahihi mpe yeye," alisema Bwana Stoo, anaikunja ile yenye kosa mara nne na kuirudisha mfukoni. Akavuta kiti cha wateja, akakaa, akaegemea.